Kupoteza Mawazo Bila Kujidhuru: Uchambuzi wa Kisa cha Mwalimu Mwenye Wasiwasi Mkali

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 34, mkazi wa mji mmoja wa mwambao wa Tanzania, aliyekuja kuniona kwa ushauri nasaha baada ya kusumbuliwa na wasiwasi mkali kwa muda unaokaribia mwaka. Ili kulinda siri za wateja, nimeunganisha mambo ya watu zaidi ya mmoja waliopitia hali inayofanana, na jina, shule na mtaa nimeviacha kwa makusudi. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mwalimu huyu, alipofika, alikuwa tayari anapoteza mawazo, yaani anajishughulisha na vitu ili asiwaze yanayomtisha, kwa bidii kubwa kila siku, na hali yake ilikuwa inazidi kuharibika. Baadaye alipoteza mawazo kwa namna nyingine, akapata nafuu. Watu wengi huambiwa tu kwamba wajishughulishe na kitu ili wasiwaze, bila kuambiwa ni kitu gani, kwa muda gani, na ili iwe nini baadaye. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Tatizo lilianza baada ya kifo cha dada yake mkubwa, aliyefariki ghafla kwa maradhi ya moyo. Wiki chache baada ya arobaini, akiwa ndani ya daladala iliyojaa wakati wa jua la mchana, moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, kifua kikabana, na akaamini kwa yakini kwamba naye anakufa. Abiria walimteremsha, wakampepea kwa kanga, akapelekwa hospitali kwa bajaji. Kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha hitilafu. Shinikizo la damu lilikuwa juu kidogo, kisha likashuka. Sukari, wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo vyote vilikuwa sawa. Vipimo hivyo vilikuwa vya lazima, na mtu yeyote anayepatwa na hali kama hiyo kwa mara ya kwanza asivikwepe, kwa kuwa upungufu wa damu, tezi iliyozidisha kazi na maradhi ya moyo yenyewe huweza kuleta dalili hizo hizo. Lakini baada ya vipimo aliambiwa kwamba hana kitu, akaruhusiwa. Maneno hayo, yaliyokusudiwa kumtuliza, yalimwacha pabaya, kwa sababu mtu aliyehisi mauti yakimkaribia hawezi kukubali kwamba hakuna lililotokea, na akirudishwa nyumbani bila maelezo hujitafutia maelezo yake mwenyewe.

Maelezo aliyokosa yapo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mzunguko wa hofu ya ghafla kwa namna ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa tiba yake: mtu huhisi badiliko dogo mwilini, akalitafsiri kuwa ni dalili ya maafa, tafsiri hiyo ikazidisha hofu, hofu ikazidisha mapigo ya moyo na pumzi, na mabadiliko hayo mapya yakachukuliwa kuwa uthibitisho wa maafa yaliyohofiwa. Hata ganzi ya vidole ina sababu yake. Mtu anayepumua haraka kupita kiasi hupunguza hewa ya kaboni katika damu, na upungufu huo huleta kizunguzungu na hisia ya kuchomwachomwa kwenye vidole na midomo. Wimbi lenyewe la hofu hufikia kilele ndani ya dakika chache, kisha hushuka, hata mtu asipofanya lolote. Mwalimu hakujua hata moja kati ya haya. Alichojua ni kwamba dada yake alikuwa mzima asubuhi, na alasiri hakuwepo.

Sasa tuangalie alivyokuwa akiyapoteza mawazo. Usiku, watoto wakishalala, alijilaza ndani ya chandarua na simu mkononi, akitazama video fupi moja baada ya nyingine mpaka saa saba au saa nane. Katikati ya video aliingia kwenye intaneti kutafuta maana ya maumivu ya bega la kushoto, au ya mapigo yanayoruka. Televisheni ya sebuleni iliachwa ikinguruma ili nyumba isiwe kimya. Kila siku alimpigia mdogo wake mara kadhaa, na mazungumzo yote yaliishia kwenye swali moja, kama sauti yake inasikika ya mtu mwenye afya. Daladala aliziacha kabisa; alipanda bajaji kwa fedha ambazo mshahara wake haukuziweza, tena kwa kumwelekeza dereva apite barabara yenye zahanati. Misibani hakwenda tena, jambo ambalo katika jamii ya mwambao halipiti bila kusemwa. Ndani ya mkoba alibeba vidonge vichache vya diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, alivyopewa na jirani, na kwa kuwa usiku hakuwa akipata usingizi, mchana alijitia nguvu kwa chai kali ya rangi, kikombe baada ya kikombe, bila kujua kwamba kafeini iliyomo ilikuwa inauchochea ule ule moyo uliokuwa ukimtisha.

Ukiyatazama mambo hayo moja moja, mengi yanaonekana kuwa ya busara, na ndiyo maana nasita kumlaumu yeyote anayeyafanya. Yalimpa nafuu kweli. Shida ni aina ya nafuu yenyewe. Mwaka 1991 Paul Salkovskis, naye wa Uingereza, alionyesha jinsi vitendo vya kujihami vinavyoilinda hofu isife: mtu akinusurika huku ameshika kidonge mkobani, au huku zahanati iko jirani, akili yake hukipa sifa kile kidonge na ile zahanati, wala haijifunzi kwamba hatari yenyewe haikuwepo. Kwa hiyo kila safari ya bajaji iliyomfikisha salama ilikuwa pia inamfundisha kwamba daladala ingemuua.

Simu ilikuwa na kasoro ya namna nyingine. Video fupi hazimdai mtazamaji chochote. Macho yanatazama, kidole kinasukuma, na akili inabaki na nafasi tele ya kuendelea na shughuli yake ya kuhofu. Juu ya hayo, yeye alikuwa anaitumia simu kwa shabaha ya kutowaza, na shabaha hiyo ina historia mbaya. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, wapige kengele kila anapowajia akilini, na kengele zikaendelea kulia. Kisha walioruhusiwa kumfikiria baada ya kukatazwa walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Sehemu isiyotajwa sana ya kazi hiyo ndiyo iliyonisaidia zaidi katika kisa hiki: watu waliopewa kitu kimoja mahususi cha kukifikiria badala ya dubu, nacho ni gari jekundu la Volkswagen, hawakurudiwa na dubu kwa nguvu ile. Kukimbia wazo huku huna pa kukimbilia hulipa nguvu wazo, na kuelekea kwenye kitu kimoja kinachojulikana hupunguza nguvu hiyo.

Kwa msingi huo tulikubaliana kutochukua simu peke yake na kumwacha mikono mitupu. Tulitafuta kitu cha kuwekwa mahali pake. Kwa ajili ya wimbi lenyewe, yaani zile dakika ambazo kifua kinabana, alipewa mambo mawili tu, kwani mtu aliye katika kihoro hakumbuki orodha. La kwanza lilikuwa maji ya baridi usoni, hasa kuzunguka macho na pua, huku pumzi ikizuiwa kidogo: baridi ya usoni huamsha mwitikio wa asili wa mwili, ule wa mpiga mbizi, unaopunguza mapigo ya moyo kupitia neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na moyo. Maji ya bomba ya mwambao mara nyingi huwa vuguvugu, kwa hiyo alitumia maji ya mtungi au yaliyotiwa barafu. Mwenye maradhi ya moyo yaliyothibitishwa amuulize daktari kwanza. Yeye vipimo vilikuwa vimekwisha kumruhusu. La pili lilikuwa pumzi, kuvuta kwa hesabu ya 4 na kutoa taratibu kwa hesabu ya 6, bila kujaza kifua kwa nguvu.

Jambo la usiku lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilipatikana nyumbani kwake mwenyewe. Mama mkwe wake, mzaliwa wa Pemba aliyekuwa akiishi nao, alisuka mikeka. Mwalimu alijifunza kusuka ukili, ule ukanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, utotoni na akaacha alipokwenda chuo cha ualimu. Nilipomuuliza kama mikono yake inakumbuka alicheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake, akasema mkwe wake atashangaa.

Anayesuka ukili hupokea miyaa iliyokaushwa juani na kuchanwa nyembamba, nyingine imechemshwa kwenye rangi. Huinyunyizia maji ili isivunjike, halafu huzipitisha chane moja juu, nyingine chini, akiongeza chane mpya kabla ya ile ya zamani kuisha, mpaka ukili unarefuka na kukunjwa pembeni ukisubiri kushonwa na kili nyenzake ziwe mkeka. Katika usiku wa kwanza mwalimu alipewa ukili mweupe, usio na nakshi, na akaja kunieleza kwamba haukumfaa: vidole vilikwenda vyenyewe na mawazo yakaendelea kama kawaida. Mkwe wake ndiye aliyeona kasoro. Akampa wa rangi mbili wenye nakshi inayodai hesabu, ambapo ukikosea chane moja ua zima linakwenda upande na inakubidi ufumue mpaka pale ulipokosea. Huo ulimshika. Alisema kwamba kuna wakati aliinua uso akakuta saa tano imepita, na alikuwa hajaisikiliza mishipa ya shingo tangu baada ya isha.

Kwa nini nakshi ilifanya kazi ambayo ukili mweupe na video hazikuiweza? Tangu kazi ya Alan Baddeley na Graham Hitch ya mwaka 1974, wanasaikolojia wanaeleza kwamba sehemu ya akili inayoshika mambo ya papo kwa papo ni finyu, na kwamba picha na mpangilio wa vitu vina nafasi yao ndani yake, tofauti na maneno. Hofu ya mwalimu ilikuwa imejaa picha: dada yake juu ya kitanda, yeye mwenyewe akianguka mbele ya darasa. Kazi inayodai macho, mikono na hesabu ya mpangilio hugombea nafasi ile ile na picha hizo. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliwaonyesha watu 40 filamu yenye matukio ya kutisha. Nusu yao walicheza Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoanguka, kwa dakika 10, nusu saa baada ya filamu, na katika wiki iliyofuata hao ndio waliorudiwa mara chache zaidi na picha zake. Utafiti huo ulihusu watu wenye afya na kumbukumbu za filamu, haukuhusu wasiwasi wa mwaka mzima, na sipendi unapotajwa kana kwamba umethibitisha kuwa mchezo wa simu ni dawa. Unachokionyesha ni kwamba aina ya kazi ina maana, na kazi yenye picha na mpangilio huingia mahali ambapo mazungumzo matupu hayafiki.

Ugumu wa kazi nao lazima upimwe kwa mtu. Rahisi mno huacha mlango wazi, na ngumu mno huleta hasira na hisia ya kushindwa, ambayo mwenye wasiwasi anayo ya kutosha. Ndiyo maana sitoi orodha moja kwa wote. Mwingine atashikwa na bao la kete, ambalo halimsamehi asiyehesabu. Mwingine na mazoezi ya kwaya, ambapo sauti ya nne haiimbwi na mtu ambaye akili yake iko kwingine. Mwingine na cherehani, au kurekebisha redio mbovu. Kutembea kwa mwendo wa haraka kuna faida ya ziada, kwa kuwa moyo huenda mbio kwa sababu inayojulikana, na mtu huzoea kuuhisi ukidunda bila kuutafsiri kuwa ni kifo.

Kuhusu tasbihi, ambayo alikuwa akiivuta baada ya kila sala, mwalimu alinizuia kwa adabu lakini kwa msimamo. Alisema dhikri ni ibada, na hataki igeuzwe kuwa kidonge cha moyo. Nilikubaliana naye kabisa. Nimewahi kuona watu wanaozidisha dua kwa sharti kwamba hofu iondoke papo hapo, na isipoondoka huongeza hofu nyingine, kwamba imani yao ina kasoro. Yeye aliiweka ibada mahali pake na ukili mahali pake, na ninaamini hilo lilimlinda na mengi.

Mchana palihitajika jambo jingine, kwa kuwa darasani hakuna miyaa. Hapa tulitumia njia iliyoelezwa na Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983: wasiwasi upangiwe saa yake, nusu saa kila siku, mahali pamoja, na kila unapokuja nje ya saa hiyo uandikwe kwa kifupi na kuahirishwa. Mwalimu alichagua saa kumi na moja jioni, kwenye kiti cha uani, na daftari la mazoezi la shilingi mia chache. Akiwa anasahihisha madaftari ya watoto na wazo likamjia, aliliandika kwa maneno mawili matatu kisha akarudi kwenye hesabu za kugawanya. Jioni alikuta nusu ya aliyoyaandika hayana tena nguvu, na nusu iliyobaki ilikuwa inamhusu dada yake.

Nusu hiyo ndiyo ambayo hakuna ukili ungeifuta, wala sikutaka ifutwe. Majonzi hayapaswi kupotezwa kama mawazo mengine. Ilitokea, bila mimi kuipanga, kwamba mkwe na mkaza mwana, wakiwa wamekaa mkekani na macho yameelekezwa kwenye chane, walianza kumzungumzia marehemu: upishi wake, ukali wake, madeni aliyoyaacha. Mikono yenye kazi hurahisisha maneno ambayo watu wawili wakitazamana usoni hawayatoi. Mwalimu alilia mara nyingi katika jioni hizo, na mkwe wake, mama mwenye hekima, hakumwambia anyamaze wala asiwaze.

Mumewe alihitaji maelekezo mafupi. Alikuwa na mazoea ya kujibu kila swali la usiku kwa kusema hutakufa, naye alikuwa akichoka, na uchovu huo ulishaanza kusikika. Tulikubaliana kwamba ataitika, atakaa karibu, atamletea maji, lakini swali la kifo hatalijibu tena, kwa kuwa kila jibu lilikuwa linaliita swali linalofuata. Vidonge vya jirani vilikabidhiwa kwa daktari, ambaye alieleza hatari ya diazepamu kumzoesha mtu mpaka asiweze kuiacha. Kwa kuwa alikuwa akivimeza kwa nadra sana, hakuhitaji kupunguziwa taratibu, lakini anayevitumia kila siku asivikate ghafla bila usimamizi. Chai ya rangi ilibaki kikombe kimoja cha asubuhi. Daktari hakuona haja ya dawa za muda mrefu kwa wakati huo, ingawa wapo wengi ambao dawa ndizo zinazowapa nguvu ya kuyafanya haya mengine, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Ikabaki daladala. Hapa watafiti hawakubaliani: wapo wanaoona kwamba kujishughulisha na kitu wakati wa kukabili kinachotisha hudhoofisha funzo, na wapo waliopata matokeo kwamba hakudhuru, na pengine humsaidia mtu kuanza. Uamuzi wangu katika kisa hiki ulikuwa kuruhusu fimbo mwanzoni na kuiondoa kabla haijawa mguu. Safari za mwanzo alisindikizwa na mdogo wake, akihesabu mabango ya maduka kwa kurudi nyuma kutoka 100. Zilizofuata alikwenda peke yake akiendelea kuhesabu. Kisha akatakiwa asihesabu chochote, simu iwe ndani ya mkoba, maji yaachwe nyumbani, na aushuhudie moyo wake ukifanya unachotaka kufanya. Alitetemeka kuliko siku zote. Aliporudi alinieleza hivi: “Umenienda mbio mpaka kituo cha tatu, halafu nikajikuta namsikiliza konda anagombana na abiria kwa ajili ya chenji.” Ugomvi ule wa chenji ulikuwa na thamani kubwa kwangu kuliko alama yoyote ya dodoso, kwa sababu hakuna aliyemtuma ausikilize. Usikivu ulikuwa umetoka kifuani na kurudi duniani wenyewe.

Kipimo tulichokitumia tangu mwanzo, na ambacho aliweza kujitumia akiwa peke yake, kilikuwa swali la anarudi wapi baada ya kile kinachomshughulisha. Ukili ulimrudisha kitandani kulala, na kwenye mazungumzo ya dada yake. Daftari lilimrudisha kwenye hesabu za wanafunzi. Simu ilimrudisha kwenye simu, na bajaji ikamrudisha kwenye bajaji. Kitu kile kile huweza kubadilika upande: ilifika wiki ambayo alianza kubeba miyaa kwenye pochi kila aendako na kuona hawezi kutoka bila hiyo, na tukaitazama kama tulivyotazama vile vidonge. Akaiacha nyumbani.

Mwezi wa Septemba, mtihani wa kumaliza darasa la saba ulipokaribia naye akiwa na darasa la watahiniwa, wimbi lilirudi kwa nguvu, usiku mbili mfululizo. Hakwenda hospitali, kwa kuwa dalili zilikuwa zile zile anazozijua. Tulikwisha kukubaliana kwamba maumivu mapya ya kifua yanayokuja kwa kupanda ngazi au kubeba mzigo, kuzimia, au wazo la kutaka kujidhuru, hayo hayasubiri ukili wala daftari, ni ya kupelekwa kituo cha afya saa hiyo hiyo. Alinawa uso, akapumua, akakaa na mkwe wake mpaka usingizi ulipokuja, na asubuhi akapanda daladala kwenda shule. Tulipoonana baada ya mtihani tulipanga mambo mawili yaliyobaki: kwenda msibani na kukaa mpaka mwisho wa hitima, jambo ambalo alikuwa bado hajaliweza, na kupunguza miadi yetu iwe mara moja kwa mwezi.